Keki ya oda imenipasukia kama ardhi ya kiangazi. Waokaji, mnapima kwa kikombe au kwa mizani?

Binti Ukwaju (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Naoka nyumbani, Dar, huu mwaka wa tatu. Wateja wangu ni wa mtaani na wa ofisini kwa mume wangu: keki za besdei, mara moja moja kipaimara. Sijasomea popote, video tu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na oda ya sendofu. Keki yangu ya vanila ya kila siku inakula vikombe vitatu vya unga, nikasema nazidisha mara tatu, vikombe tisa, kazi imekwisha. Mchanganyiko niliuona mzito, nikajipa moyo kwamba ni kwa sababu ni mwingi. Keki ikatoka na kichuguu katikati, kichuguu kimepasuka, ukiikata inapukutika. Nikaifunika krimu, nikaipeleka, nikazima simu. Mama mwenye shughuli alinipigia Jumatatu kwa upole, heri angenitukana: "Mwanangu, keki ilipendeza sana kwa macho."

Nikaazima mizani ya jikoni kwa jirani. Nikachukua kikombe changu kile kile cha plastiki, kimeandikwa 240 ml, nikaupima unga ule ule kwa njia nne. Nilivyozoea mimi, yaani kuchota moja kwa moja kwenye ndoo na kusawazisha kwa kisu: gramu 152. Kuujaza kidogo kidogo kwa kijiko: 123. Kuuchekecha kwanza, halafu kuujaza kwa kijiko: 111. Mdogo wangu yeye alichota, akakigonga kikombe mezani, akaongeza: 166.

Kikombe ni kimoja, unga ni mmoja. Nikarudi kwenye video, kule chini ya maelezo dada wa watu ameandika kabisa kwamba kikombe chake cha unga ni gramu 120. Piga hesabu: vikombe tisa vyake ni gramu 1,080, vyangu ni 1,368. Nimeongeza gramu 288 za unga, zaidi ya robo kilo, na maziwa sijaongeza hata tone.

Swali langu: nyie mnapimaje? Na wenye resipi za vikombe mnazigeuzaje kuwa gramu?

Kaa la Moto

Pole mkuu. Picha ya kichuguu tafadhali.

Binti Ukwaju

Sina. Na ningekuwa nayo nisingeiweka.

Mzee wa Tanuri

Binti, pole. Nimefanya kazi kwenye tanuri la mikate miaka kumi na moja na mle ndani sijawahi kuona kikombe ila cha chai.

Shida si wewe, shida ni unga. Unga una hewa ndani yake. Mfuko ukisafiri juu ya bodaboda unashindiliwa, ukiuchekecha unafumuka. Kwa hiyo ukisema "kikombe kimoja cha unga" umetaja ukubwa wa chombo, hujataja unga. Maji hayana tabia hiyo: mililita moja ni gramu moja, upime kwa jagi au kwa mizani jibu ni lile lile. Sukari nayo ina nafuu, punje zake hazishindiliki sana, kikombe cha Kimarekani ni kama gramu 200 hata akichota nani. Sukari ya unga, kakao na unga wenyewe ndivyo vinavyoua watu.

Halafu angalia maneno yanavyokaa kwenye resipi. "Kikombe cha unga uliochekechwa" maana yake umechekecha kwanza ukapima. "Kikombe cha unga, uchekeche" maana yake umepima kwanza. Kwa vipimo vyako mwenyewe hapo juu tofauti inaweza kufika gramu arobaini. Wengi tunasoma haraka, tunaona ni kitu kimoja.

Sasa kuhusu kuzidisha. Tanurini tunakwenda kwa asilimia. Unga siku zote ni 100, vingine vyote vinahesabiwa kwa kuutazama unga. Mkate wetu wa kawaida: maji 60, sukari 6, mafuta 3, chumvi 2, hamira kavu 1. Jumla na unga ni 172. Basi. Ukiamka na unga kilo 5 au kilo 50 hujisumbui.

Mfano. Mkate unaouzwa ni wa gramu 400, lakini huwezi kukata donge la gramu 400, kwa sababu maji mengine yanaondoka na mvuke. Sisi tunakata 455. Nataka mikate 40: 40 mara 455 ni 18,200. Gawanya kwa 1.72, unapata unga gramu 10,581. Maji ni asilimia 60 ya hapo, kilo 6 na gramu 350. Chumvi gramu 212. Kijana aliyeanza kazi jana anaweza kuukanda mkate ule ule nilioukanda mimi. Kwa kikombe ataweza wapi?

Shangazi wa Pongwe

Wanangu hamjambo. Nawasoma nacheka.

Mie nimeoka keki tangu enzi za sufuria, mkaa chini mkaa juu ya mfuniko, hiyo mizani ningeiona wapi? Keki yetu ilikuwa robo unga, robo sukari, robo siagi, mayai manne, ganda la limau likwanguliwe, ushapika. Haikupasuka, haikupukutika. Mandazi nina bakuli langu la maua, la marehemu mama. Na chapati haipimwi, chapati inaguswa. Nyie kila kitu mwataka namba, mkono wa kazi gani?

Mzee wa Tanuri

Shangazi shikamoo. Naomba kuuliza kwa adabu: hiyo robo ulikuwa unaipata wapi?

Shangazi wa Pongwe

Marahaba. Dukani, wapi tena. Namtuma mtoto, anapimiwa, anarudi na vifurushi vitatu vya gazeti.

Mzee wa Tanuri

Anapimiwa kwa nini, shangazi?

Shangazi wa Pongwe

Kwa mizani. Ile ya mawe, sahani mbili.

Ehee. Umenishika.

Binti Ukwaju

Jamani nimecheka mpaka mume ameuliza kuna nini. Kumbe mama zetu wote walikuwa wanaoka kwa gramu 250, mizani tu ilikaa dukani badala ya jikoni. Kikombe tumekuja kukifuata sisi kwenye video tukaona ndiyo ustaarabu.

Robo Nne

Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Ubelgiji. Keki hiyo ya Shangazi huku kwa Kifaransa inaitwa quatre-quarts, maana yake robo nne: unga, sukari, siagi na mayai, kila kimoja robo ya keki nzima. Waingereza wana ya kwao ya zamani, kila kitu pauni moja. Ni keki ile ile.

Ila siri yake iko kwenye mayai. Mama yangu alikuwa hahesabu mayai, aliyapima. Anaweka mayai kwenye mizani na maganda yake, uzito utakaotoka ndio anaupima kwa unga, kwa sukari na kwa siagi. Mayai yakiwa madogo keki ni ndogo, lakini ladha na ulaini havibadiliki. Sasa "mayai manne" ya kienyeji na manne ya kisasa ni vitu viwili.

Binti Ukwaju

Robo Nne umenifanya nikimbilie jikoni. Manne ya kienyeji bila maganda: gramu 154. Manne ya kisasa: 208. Yai zima zaidi limepotea hapo, na mimi nikikosa ya kisasa huwa naweka ya kienyeji kwa idadi ile ile.

Nikajaribu na robo ya dukani, maana nilikuwa nayo ya sukari imefungwa kwenye mfuko. Gramu 218. Hapo na mfuko.

Kaa la Moto

Hiyo robo ya kufungwa tangu asubuhi mimi niliacha kununua. Mizani ya dukani ina stika ya Wakala wa Vipimo, sawa, lakini vifuko vimefungwa usiku wewe umelala. Mwambie akupimie mbele yako.

Kasuku Mbili

Natia neno kutoka Nakuru. Mimi ni wa mandazi tu, keki sijui. Nilikuwa napima unga na kasuku, lile kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, wengine mnaita gorogoro. Siku nikijaza kwa haraka inashika nyingi, siku nikimwaga polepole inashika kidogo. Maji naongeza mpaka mkono useme sawa, kama Shangazi.

Kilichonisumbua si ladha, ni idadi. Siku moja mandazi 46, siku nyingine 52, na watoto wa shule wanapigania yale makubwa, yale madogo yananibakia. Nikanunua mizani. Sai nafungua pakiti ya kilo mbili yote, maziwa na maji kilo moja jumla, sukari gramu 300, mafuta 100, hamira 20. Jumla ni gramu 3,420. Nakata donge la gramu 60, yanatoka 57 kila siku. Madonge kumi ya kwanza unapima, baadaye mkono unazoea, unapima donge moja mara moja moja kuhakikisha. Sasa naweza hata kusema andazi moja limenigharimu pesa ngapi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza tu bana, nikiona pesa kwa mfuko nasema kuna faida.

Kidole na Jicho

Mnaikuza mizani bure. Mimi nilinunua ile nyeupe ya bei chee imejaa kila mahali, SF-400, betri mbili. Nataka hamira gramu 7. Nanyunyiza, sifuri. Nanyunyiza, sifuri. Nanyunyiza, inaruka 4. Nikairudisha hamira nikapima upya kwa mkupuo, inasema 9. Mkate ule ulipanda mpaka ukatoka kwenye chombo ukakaa juu ya meza unanitazama. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye kijiko, na kijiko hakiishiwi betri.

Mzee wa Tanuri

Kidole una haki nusu. Mizani hizo hazijaharibika, zimetengenezwa hivyo: mabadiliko madogo sana karibu na sifuri inayapuuza ili namba isicheze cheze kwa upepo au meza ikitikisika. Wewe unadondosha punje punje, yenyewe inaona si kitu, inajirudisha sifuri. Usinyunyizie juu ya bakuli. Weka pakiti ya hamira yenyewe juu ya mizani, bonyeza sifuri, halafu chota kwa kijiko kwa mara moja. Namba inakwenda chini ya sifuri: ikisoma kasoro 7, zile saba ziko kwenye kijiko chako.

Na mizani inayosoma gramu nzima nzima haifai kwa vitu vya gramu mbili tatu. Ikisema 3 inaweza kuwa mbili na nusu au tatu na nusu, na kwenye chumvi au beking pauda hiyo ni tofauti kubwa. Hapo kijiko cha kupimia kinashinda, mimi nakubali bila ubishi. Lakini kijiko cha kupimia, kile cha seti, mililita 5, kisawazishwe kwa kisu. Kinabeba kama gramu 6 za chumvi laini, 4 za beking pauda, 3 za hamira kavu. Vijiko vya chai vya kabatini achana navyo. Chukua viwili vitatu vya seti tofauti uvijaze maji uone. Mwenye kutaka kugusa gramu ndogo kabisa anunue kamizani kadogo ka sonara kanakosoma sehemu za gramu, bei yake si kubwa.

Kabla hujaiamini mizani yoyote mpya, weka chupa tupu, bonyeza sifuri, mimina maji ya kunywa ya chupa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Ikisoma karibu na 500 mko salama. Ikisoma 460, irudishe.

Mbongo wa Minnesota

Niko Marekani, huku ndiko vinakotoka vikombe vyenu, nichangie kidogo.

Kikombe cha Kimarekani ni mililita 237 hivi, kwenye vifungashio vya vyakula wanahesabu 240. Kanada, Australia na nchi nyingi za mfumo wa mita wanatumia 250. Resipi za zamani za Uingereza kikombe chao ni 284. Kijiko cha mezani ni mililita 15 karibu kila mahali, isipokuwa Australia ni 20. Kwa hiyo ukikuta video kwanza tazama ni ya wapi, ndipo ushike kikombe. Kikombe cha chai cha nyumbani kwenu hakimo kwenye orodha hiyo.

Wenyewe hapa walianza kubanana na hili zamani. Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, mwaka 1896 alisisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe, si kilima. Ilisaidia kuondoa kilima. Unga ulioshindiliwa ndani ya kikombe haukuonekana kwa kisu.

Na kosa nililolifanya mimi, msirudie: wakia. Huku kuna wakia ya uzito, gramu 28 na kidogo, na kuna wakia ya ujazo, mililita karibu 30. Jina ni moja. Resipi ikaniambia unga wakia 8, nikajaza jagi la maji mpaka kwenye alama ya 8. Alama ile ni ya vitu vya maji. Wakia 8 za uzito ni gramu 227, mimi niliweka kama 130. Biskuti zilitambaa trei nzima zikawa biskuti moja.

Siagi wao wanaandika "kipande kimoja", ni gramu 113, nusu kikombe.

Kidole na Jicho

Biskuti moja. Sawa, leo umenipoza.

Mwana wa Madrasa

Huu ugomvi sisi tunao kila mwisho wa Ramadhani. Zaka ya fitri ni pishi moja, na pishi ni vibaba vinne. Kibaba na pishi ni ujazo, si uzito. Watu wanauliza: ni kilo ngapi? Jibu linategemea unapima nini. Pishi ya mchele na pishi ya unga zikipanda mizani hazilingani, na tende ndiyo kabisa. Ndiyo maana utasikia huyu anasema kilo mbili na nusu, yule anasema tatu, na wote wana hoja. Babu yangu alikuwa na kibaba cha mbao, akikijaza mchele alikuwa hakigongi chini, anasema ukigonga umedhulumu na usipogonga umedhulumiwa, mwache Mungu aamue.

Shangazi wa Pongwe

Ahsante mwanangu, hilo la kugonga nalijua vizuri. Kwetu muuza mchele alikuwa na kidole gumba ndani ya kibaba.

Na mie sijasalimu amri yote. Keki nakupeni. Mkate wa kumimina mwaweza kupima mchele wenu, sawa. Lakini chapati? Unga wa pakiti hii wanywa maji, wa pakiti ile haunywi. Tanga wakati wa masika unga unalala na unyevu wa hewa usiku kucha, asubuhi mizani itasema robo ile ile lakini ndani yake maji yashaingia. Hapo namba yako itakwambia nini? Mkono utakwambia.

Mzee wa Tanuri

Hapo sibishani nawe shangazi. Hata tanurini kila shehena mpya ya unga, maji tunazuia kidogo, tunaangalia donge, ndipo tunamalizia. Tofauti ni kwamba tukishamaliza tunaandika tulichoongeza.

Binti Ukwaju

MREJESHO.

Nimeandika upya resipi yangu yote kwenye daftari, kwa gramu. Nilichofanya: sikutumia jedwali la mtu. Nimepima unga 120 kwa kikombe kama alivyosema mwenye video, sukari 200, siagi nimeitoa kwenye kopo la gramu 250 kwa mizani, maziwa nimeyapima kwa mizani pia, bakuli liko juu, nabonyeza sifuri, namimina kinachofuata. Sikuchafua kikombe hata kimoja. Hilo hakuna aliyeniambia! Siagi ya kukwangua kwenye kikombe na kidole ndiyo ilikuwa inanichosha kuliko kuoka. Mayai nimeyapasua, nimepima gramu 150 badala ya kuhesabu matatu. Beking pauda na chumvi kijiko cha kupimia, kama Mzee alivyosema.

Jaribio la kwanza, unga gramu 360, ilitoka laini lakini imezama kidogo katikati. Nikakumbuka: resipi ya zamani nilikuwa nimeongeza beking pauda nusu kijiko ili ile ya unga mwingi ipande. Nikaitoa hiyo nusu. Jaribio la pili uso wake umelala kama meza. Nimeacha kipande mpaka kesho yake saa kumi, bado kina unyevu.

Nimemwokea yule mama wa sendofu keki ndogo, sikumwambia bei. Alikula kipande amesimama mlangoni, akauliza: "Hii umeoka wewe au umenunua?" Sijui niifurahie au la.

Sasa tatizo jipya, jirani amekuja kuidai mizani yake. Kariakoo mnanunua wapi, na kwa shilingi ngapi?

Kaa la Moto

Ingia kwenye maduka ya vyombo, zimepangwa karibu na majagi. Mimi yangu elfu kumi na nane baada ya kuvutana sana. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita uipime pale pale kaunta kabla hujatoa hela.

Shangazi wa Pongwe

Binti, chukua mbili. Moja nitume nauli ije na basi la Tanga.